Zainab Amefunga

Thamesmead, London
9 Oktoba 2024

Shemeji yangu Matar,

Nakusalimu wewe na Bi Thuwaiba na wote mlioko hapo Kikwajuni, na namwomba Mungu awape afya. Nimeona niendelee kukuandikia kama alivyokuwa akifanya marehemu Hilal, kwa kuwa masikio yako hayashiki simu, na ujumbe unaosomewa na wajukuu huishia mtaani. Kalamu hii ni yake. Haitoi wino vizuri ukiiinamisha upande wa kushoto. Nilikuwa sijui.

Sisi hatujambo. Bado nimo ndani ya eda. Madhu, jirani yangu wa chini, yule Mhindi aliyezaliwa Mombasa, huniletea mboga kila akitoka kwa kaka zake Harrow, na hukaa nami kidogo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo hatuna haja ya kuzungumza sana.

Makoti ya Hilal bado yananing'inia mlangoni. Binti yetu Zainab aliniuliza kama ayaondoe, nikamwambia bado. Kwenye mfuko wa lile la kijivu nimekuta ganda la chungwa limekauka, zima, halikukatika. Unamjua alivyokuwa akimenya. Sijalitupa. Watu wananiambia nilie nipate nafuu, lakini kilio hakiji. Nakaa tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae mezani. Zainab amepata mchumba. Anaitwa Ziyad, mtoto wa watu wa kwetu, amekulia hapa. Anafanya kazi kituo cha treni cha Stratford. Treni zikikwama yeye ndiye anayesimama mbele ya watu wenye hasira na kuwaelekeza. Ana sauti ya upole. Babu yake ni Almasi, yule Almasi wa kwenu, aliyefungwa jela pamoja na baba yenu Mzee Nasor wakati wa Mwingereza.

Hilal alikutana naye mara moja kabla hajalazwa. Alimmenyea chungwa, wakazungumza mpira. Alipoondoka Hilal akasema, "Nitamwandikia kaka." Kifua hakikumpa nafasi.

Kwa hiyo nakuandikia mimi. Baba hayupo, babu hayupo, Zainab hana kaka; walii wake ni wewe. Mwenyewe hutamka "wali", na baba yake alikuwa akimtania kwamba iko siku ataozwa na sufuria. Anaomba umpe Ziyad mkono wako. Nami naomba.

Wako,
Ghalia


Kikwajuni, Zanzibar
3 Novemba 2024

Kwa shemeji yangu Ghalia,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Nilipoona mwandiko kwenye bahasha si wa Hilal nilikaa nayo mkononi kwanza. Mungu akupe subira, nami anipe.

Sisi ni wazima. Goti la Thuwaiba linamsumbua kwenye ngazi, na siku hizi anasali amekaa. Mvua za vuli zimekuja na paa limevuja pale pale linapovuja kila mwaka. Mjukuu wangu mkubwa amemaliza skuli, anasema anataka kwenda Oman.

Kuhusu kijana Ziyad, sina neno baya juu yake. Nimewauliza wanaowajua wazazi wake, wote wamemsifu. Lakini ndoa ina kufu, Bi Ghalia, nasaba ilingane na nasaba, na wewe umeingia katika nyumba hii unayajua hayo. Almasi alikuwa mtu wa nyumbani. Babu yake alinunuliwa na babu yetu. Tulikula pamoja nao na tukazikana, hakuna aliyewadharau. Kuoana ni jambo jingine.

Mwambie Zainab si kwamba simpendi. Nilimbeba mabegani mwaka mliokuja naye, akaning'oa nywele zilizokuwa zimebaki. Atapata mwingine.

Na naomba usinitake nieleze zaidi ya haya. Niliyoyaandika yanatosha.

Shemeji yako,
Matar bin Nasor


Thamesmead, London
12 Januari 2025

Shemeji Matar,

Natumai goti la Bi Thuwaiba limepoa, na paa limeshughulikiwa. Nisamehe kwa kuchelewa. Eda yangu ilikwisha Novemba. Siku ya kwanza nilitoka, nikapanda basi, nikafika mwisho wa njia, nikagundua sikuwa nakwenda popote. Dereva aliniuliza kama niko salama. Nikamwambia ndiyo, nikarudi na basi lile lile.

Barua yako nilimsomea Zainab. Kiswahili chako kilikuwa kizito kwake, ikabidi nimweleze maana ya "mtu wa nyumbani". Alidhani ni sifa. Alidhani maana yake ni mtu wa karibu sana. Nilipomwambia, aliinuka. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wiki iliyopita alinitaka nimsimulie tena hadithi ya babu yake jelani, ile ambayo Hilal alikuwa akimsimulia alipokuwa mdogo. Nikamsimulia kama mlivyonisimulia nyinyi. Kwamba Mzee Nasor na Almasi walitiwa jela siku moja kwa kosa moja, kukataa amri ya Mwingereza. Kwamba ndani ya jela mtu alilishwa kufuatana na kabila aliloandikiwa: Nasor aliandikwa Mwarabu akapewa wali, Almasi akaandikwa Mwafrika akapewa ugali wa unga wenye wadudu. Nasor akaisukuma sahani akasema, mpeni huyu ninachokula au nipeni mimi anachokula yeye. Wakagoma wote wawili. Na kwamba Mzee hakuonja wali tena mpaka anakufa.

Zainab akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyofanya akiwa na jambo moyoni. Alisema, kwa hiyo ndani ya jela Almasi alikuwa kufu, nje ndiyo hakuwa.

Sheikh wa msikiti wetu amemwambia kwamba walii akikataa ziko njia nyingine. Yeye hazitaki. Anasema hataki Ziyad aingie kwetu kwa mlango wa nyuma. Anataka mkono wa Ami yake.

Tangu wakati huo Zainab amefunga.

Sina zaidi. Huku baridi ni kali na taa za njiani huwashwa mchana.

Ghalia


Kikwajuni, Zanzibar
30 Januari 2025

Kwa shemeji yangu Ghalia,

Barua yako imenipa faraja kuliko unavyodhani. Nilikuwa naogopa kwamba mtoto atakasirika, atafanya ya watoto wa Ulaya, ahame au ajifungie chumbani. Kumbe amefunga. Nami nilikuwa nikifunga siku chache za Rajabu, kadiri ya nguvu zangu, kwa hiyo tulikuwa pamoja bila kujua. Mwambie Ami yake amefurahi sana. Kufunga kunaituliza nafsi, na mtu huona wazi kilicho kheri kwake. Aendelee na Shaabani mpaka Ramadhani imkute amezoea.

Asisahau kufuturu kwa tende, halafu uji wa moto kabla ya chakula kizito. Thuwaiba anasema umtilie pilipili manga, kwa baridi yenu hiyo.

Thuwaiba mwenyewe ameanza kutembea vizuri. Paa bado. Oman imeahirishwa.

Juu ya lile jingine ulilosimulia, la jela, naona tuliache lilale.

Shemeji yako,
Matar


Thamesmead, London
8 Februari 2025

Shemeji Matar,

Barua hii anakuletea mtoto wa Bi Shawana, anasafiri kesho, kwa hiyo sitaandika salamu ndefu. Nakuombeeni uzima nyote.

Umenielewa vibaya, na kosa ni langu. Niliandika "amefunga" kwa kuwa neno lile jingine mkono ulikataa kuliandika. Zainab hafuturu. Amegoma kula. Sahani naitandika kila siku jioni na kila siku naifunika.

Mwanzo alikuwa akinywa maziwa kidogo. Tangu alipopata barua yako, ile ya tende na uji, ameyaacha maziwa. Hakukasirika. Aliisoma mwenyewe, polepole, akasema, "Ami amenipongeza." Sasa anakunywa maji yenye chumvi, na chai ya sukari mara moja kwa siku. Yeye ni muuguzi, anajua anachokifanya kwenye mwili wake, na hilo ndilo linaloniogopesha. Amechukua likizo kazini. Mwenzake mmoja, Bridget, Mkenya wa Murang'a, hupitia hapa akitoka zamu kumpima. Juzi alikuwa akimfunga ule mkanda wa presha mkononi huku anamsema: "Wewe, kwetu mtu akinyimwa bwana hula hata mbuzi wa mahari kwa hasira. Nyinyi watu wa pwani mnafanya mambo kinyume." Zainab alicheka mpaka akashika ukuta. Bridget naye alicheka, kisha alipofika mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vipimo havimpendezi.

Ziyad alikuja Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha Hilal bila kujua, nami sikumwambia. Aliniambia, "Mama, mimi sikumtuma. Nimemwambia sitaki kuoa kwa njaa ya mtu." Zainab alimjibu kwamba si kwa ajili yake tu. Alisema babu yake hakumpiga mtu wala hakumtukana, alisukuma sahani basi, na kwamba hilo ndilo pekee alilorithi kwenu ambalo anajivunia.

Nilimweleza Madhu. Nilidhani atashangaa, hakushangaa. Alisema kwao India walikuwepo waliofunga namna hii ili Mwingereza aondoke, na wakafunga pia ili wale walioitwa wachafu waruhusiwe kuingia hekaluni na kuteka maji kisimani. Bibi yake aliwasifu hao maisha yake yote. "Lakini yule mama aliyekuwa akitufagilia uwa pale Mombasa," akasema, "bibi hakumpa maji kwa kikombe chetu hata siku moja. Alimmiminia viganjani." Kisha akaniuliza, "Na huyo kijana anayeshindiwa njaa, kuna aliyemuuliza anataka nini?"

Mimi sikushinikizi. Sina nguvu ya kumshinikiza mtu. Nakwambia tu kilichopo ndani ya nyumba, kama ambavyo Hilal angekwambia.

Ghalia


Kikwajuni, Zanzibar
14 Februari 2025

Bi Ghalia,

Naituma hii kwa wale wa vifurushi vya haraka.

Nilipoisoma barua yako nilimwita Thuwaiba aisome na yeye, nikidhani macho yangu yamekosea. Kisha nilikumbuka niliyoyaandika juu ya tende na uji, nikaona haya mbele ya mke wangu.

Hilo analolifanya mtoto si kufunga. Ni kujiua polepole, na Mungu amelikataza. Anasema amelirithi kwetu. Hakurithi. Sahani aliyosukuma Baba ilikuwa ya Mwingereza. Mwingereza hakumpenda, hakuwa na huruma naye, na mfungwa hakuwa na kitu kingine cha kumtia haya. Zainab anasukuma sahani ya nani? Yako wewe, uliyefiwa na mume juzi. Na yangu mimi niliyembeba mabegani. Anayekupenda hagomewi, huombwa. Yeye anataka nimpe mkono wangu, na huku ameshanikaba koo.

Akila, tutazungumza. Asipokula, nitazungumza na nani?

Nami nikwambie, tangu mtoto wa Bi Shawana aniletee bahasha yako, chakula hakinipiti. Thuwaiba ananiuliza mbona sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Namwambia ni joto.

Mwambie ale, Bi Ghalia. Mwambie Ami yake anamwomba.

Matar


Thamesmead, London
19 Februari 2025

Shemeji Matar,

Barua yako ilifika jana saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeifungua lakini sijaanza kumsomea. Alinyanyuka kunichukulia miwani yangu, akaanguka baina ya meza na mlango.

Yuko hospitali. Anazungumza. Wamemtia maji ya mshipa, hilo amekubali. Chakula hajakubali. Daktari alimuuliza maswali mengi kujua kama akili yake iko sawa, naye akamjibu yote kwa adabu, na daktari akaandika kwamba iko sawa.

Nilimsomea barua yako pale kitandani. Ulipoandika kwamba unamwomba, aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Mwambie Ami, nami namwomba."

Niko hapa tangu jana. Viti vya hospitali hii ni vile vile vya alipokuwa Hilal. Rangi tu ndiyo tofauti.

Ghalia


Kikwajuni, Zanzibar
24 Februari 2025

Kwa shemeji yangu Ghalia,

Mungu amponye mtoto wetu. Siandiki habari za hapa kwa kuwa hakuna habari nyingine hapa.

Nataka ufanye hivi. Barua hii msomee Ziyad kwanza, kabla ya Zainab. Msomee neno kwa neno.

Baba alikula.

Hadithi tunayoisimulia sote ni kweli mpaka pale walipogoma. Waligoma, tena walikaa na njaa muda mrefu. Halafu siku moja mlinzi akaleta sahani ya wali, akaiweka chini akaondoka. Almasi alikuwa amelala ameegemea ukuta. Baba aliutazama ule wali, akaula. Aliula wote, akalamba vidole. Alipoinua kichwa akaona Almasi hakuwa amelala. Alikuwa anamtazama.

Kesho yake Baba alitolewa, akaachiwa arudi kwake. Almasi aliendelea peke yake. Walipomwachia alikuwa hawezi kusimama, na alifariki kabla ya mwaka kwisha, ameacha mke na mtoto mchanga, ambaye ndiye baba yake Ziyad.

Baba alinieleza haya alipokuwa anaumwa umauti wake. Alinitaka nisimwambie Hilal, kwa kuwa Hilal alikuwa akimwona shujaa. Watu walimwona hali wali wakadhani ni kiapo cha urafiki. Hakikuwa kiapo. Koo lake lilifunga. Mimi nilinyamaza, na hadithi ikakua, mpaka ikamfika mtoto huko Ulaya, naye akaamini kwamba njaa ni kitu tulichokiweza.

Ulipoandika jina la Almasi katika barua yako ya kwanza nilitafuta neno la kujifichia, nikaliona moja, kufu. Ni neno zuri. Mtu akilitaja hakuna anayemuuliza la pili. Lakini fikiria, Bi Ghalia: walii hukaa goti kwa goti na bwana harusi, akamshika mkono, watu wanatazama. Mimi, mtoto wa Nasor, niushike mkono wa mjukuu wa Almasi nimwambie nimekuoza, kama kwamba ni mimi ninayempa kitu?

Si yeye asiyekuwa kufu yetu. Ni sisi tusiokuwa kufu yake.

Kwa hiyo idhini yangu ipo, na Mungu ni shahidi. Nampa uwakala sheikh wa msikiti wenu awaozeshe, nimeuandika kwenye karatasi ya pili na mashahidi wametia saini. Lakini isitumike mpaka Ziyad awe amesikia, na akubali mwenyewe. Mpaka sasa sote tumemjadili yeye, kama anatufaa. Hakuna aliyemuuliza kama sisi tunamfaa. Muulize.

Matar


Thamesmead, London
2 Machi 2025

Shemeji yangu Matar,

Nakutakia Ramadhani njema wewe na Bi Thuwaiba. Nasikia huko mnaanza leo. Sisi tulianza jana.

Barua yako niliipata juzi. Nilimpigia Ziyad, akaja hospitali moja kwa moja kutoka kazini, na lile koti lake la rangi ya machungwa la kituoni. Tulisimama kwenye ukumbi, karibu na dirisha, nikamsomea kama ulivyoagiza, neno kwa neno. Nilipofika pale pa kulamba vidole nilitaka kuruka. Sikuruka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba aione karatasi, akautazama mwandiko wako. Kisha akaniambia kwamba wao wanajua.

Anasema bibi yake, mjane wa Almasi, aliwaambia zamani. Hakuwaambia kwa chuki. Alisema Mzee Nasor alikuwa akija kwao kila sikukuu, akikaa kizingitini, haingii ndani. Bibi alikuwa akimkaribisha naye anasema hapa panatosha. Basi alikuwa akimletea kahawa pale pale, anakunywa, anaacha kitambaa cha nguo ya mtoto, anaondoka. Nikamuuliza Ziyad kama bibi yake alimsamehe. Alisema hajui, hakupata kumsikia akilitaja neno hilo. Alichosikia ni kwamba sikukuu ya kwanza baada ya Mzee kufariki, bibi alipika kahawa asubuhi akaitoa mlangoni kwa mazoea.

Nikamwambia, Ami Matar amekuuliza swali. Akasema amelisikia.

Akaingia kwa Zainab. Nami nikaingia nyuma yake. Alimweleza yote, kwa maneno machache, bila kupamba wala kufichaficha. Zainab alilia kwa ajili ya babu yake, kimya kimya, hana nguvu ya kulia kwa sauti. Halafu akauliza, "Umemjibu nini Ami?"

"Sijamjibu," akasema Ziyad. "Na simjibu mpaka ule. Mimi siamui jambo mbele ya mtu mwenye njaa."

Zainab akakasirika. Niliifurahia hasira ile, nilikuwa sijaiona muda mrefu. Akasema, "Na ukisema hapana? Nitakuwa nimekula bure?"

"Utakuwa umekula," akasema.

Ziyad alikaa. Wakati wa kuondoka wageni ulifika, tukaondoka, na Zainab alikuwa bado amefumba macho.

Jana ndiyo ilikuwa mwezi mosi. Nilikula daku peke yangu, nikaenda hospitali mapema. Nilimkuta Ziyad ameshafika, naye amefunga. Muuguzi wa zamu, binti wa Kisomali, naye amefunga. Zainab akaomba uji.

Hakuuliza jibu. Aliomba uji tu. Walimletea kidogo sana, kwa kuwa mtu aliyekaa na njaa akipewa kingi kinaweza kumdhuru. Mikono inamtetemeka, kwa hiyo nililishika bakuli mimi nikamlisha kwa kijiko, kama alipokuwa mdogo, na yeye akinikodolea macho vile vile. Mchana wa Ramadhani, chumba kizima tumefunga, na yeye peke yake anakula. Ziyad akamwambia, "Huna haya." Akacheka na uji mdomoni.

Alipomaliza, Ziyad alinigeukia mimi, hakumgeukia yeye. Akasema nikuandikie hivi. Anakubali. Ila uwakala yeye hautaki, karatasi yako ya pili nikurudishie. Anataka uje. Na ukifika London usianze kwetu, uanze kwa wazazi wake, na usikae kizingitini.

Zainab atatoka wiki ijayo wakiona anaendelea vizuri. Bridget amesema atamletea ugali na sukuma wiki, na kwamba tusimtajie habari za daku wala futari, mgonjwa ni mgonjwa. Madhu ameniuliza kama kijana ameulizwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi vizuri, akaendelea kuchambua mchicha.

Nikwambie jambo moja dogo, sina mwingine wa kumwambia. Tangu Hilal afariki nimekuwa nakula kwa saa. Nikiona ni mchana nakula, nikiona ni usiku nakula, na ungeniwekea karatasi kwenye sahani ningeitafuna. Jana jioni nilirudi nyumbani, nikaweka tende tatu mezani, nikakaa nazisubiri. Na tumbo likaniuma. Sikulitambua mara moja, nikadhani ni ugonjwa. Ilikuwa njaa, shemeji. Nilikuwa nataka kula.

Njoo kabla baridi haijarudi.

Ghalia